Neno "get": mwongozo kamili kwa anayefikiri kwa Kiswahili

Mgeni alinialika chai kwenye mgahawa mmoja mjini Moshi, siku moja baada ya kushuka mlimani. Tulipomaliza, mhudumu akaweka bili mezani. Mgeni akasema, "I'll get this." Nikajua anakwenda kuchukua kitu, nikangoja ainuke. Hakuinuka. Nikadhani basi anataka chai nyingine, nikamwita mhudumu, nikaagiza. Ikaja chai ambayo hakuna aliyeitaka, bili ikapanda, naye akarudia kwa upole zaidi, "No, no, I'll get it." Kumbe alikuwa anasema atalipa yeye.

Neno hilo la herufi tatu nilikuwa nalijua tangu darasa la tatu. Get, kupata. Ndivyo ubao ulivyosema, na ndivyo nilivyonakili. Siku hizi nafundisha Kiingereza jioni, wengi wa wanafunzi wangu wakiwa wagumu, yaani vijana wanaobeba mizigo ya wageni Kilimanjaro, na wachache wanaotaka kupanda cheo wawe waongoza watalii. Kamusi kubwa ya Oxford, katika toleo lake la pili la 1989, ililipa neno "set" nafasi ndefu kuliko maneno yote. Sawa, lakini hajanijia mtu hata mmoja kulalamikia "set". Wote wanalalamikia "get".

Mwongozo huu ni jinsi ninavyolifundisha.

Tuanze na neno letu wenyewe

Kabla ya kusema Waingereza wamelibebesha neno moja mizigo mingi, tulitazame kupata. Kijana amepata kazi. Mama amepata mtoto. Nimepata homa. Mwanafunzi akijibu sawa tunamwambia amepata, au amepatia. Wazee bado husema kisu hiki chapata, maana yake kina makali. Sijapata kuona jambo kama hili: hapo hakuna kilichopatikana wala kilichokosekana, ni sawasawa na kusema sijawahi. Majirani wanaopatana wanaelewana, na muuzaji na mnunuzi wakipatana wamekubaliana bei. Jua hupatwa. Mtu akianza vituko ghafla tunauliza amepatwa na nini, na Mwingereza kwa swali hilohilo anasema "What's got into him?"

Hakuna Mswahili anayechanganyikiwa na hayo yote, kwa sababu sikio letu halilisikilizi pata peke yake. Linasikiliza kilichoambatana nalo: ile -na ya mwisho, ile -wa, kile kisu, kule kuona. "Get" nalo lisikilizwe hivyohivyo. Swali la "get maana yake nini" halina jibu. Swali lenye jibu ni "get imefuatwa na nini?" Ukishalizoea swali hilo la pili, sehemu kubwa ya kazi imekwisha.

Pembeni kidogo, kwa wanaopenda asili ya maneno: Kiingereza cha kale hakikuwa na kitenzi hiki kikitembea peke yake. Kilikuwa nacho kikiwa kimegandishwa ndani ya maneno mengine, na lile la kusimama lenyewe lililetwa na watu wa kaskazini, Waviking, ambao kwao lilikuwa "geta". Masalia ya yale yaliyogandishwa bado tunayo. "Forget" ni get ileile yenye maana ya kushika, ila kilichoshikwa kimeponyoka.

Hatua ya 1: likifuatwa na kitu

Hapa kupata hufanya kazi, ila si kila mara. "She got a job", amepata kazi. "He got a visa", amepata viza. Sasa angalia hizi: "I got your message", ujumbe wako umenifikia, au nimeupokea. "I got these shoes in Kariakoo", viatu hivi nilinunua Kariakoo. "Go and get the children", nenda kawachukue watoto. "Let's get a taxi", tuchukue teksi. "The police got him", polisi wamemkamata. "I didn't get the joke", utani sikuuelewa. "Can you get the phone?" pokea hiyo simu. "Can you get the door?" mtu anabisha hodi, kamfungulie. Na ile yangu ya mgahawani, ambayo kitu chake kilikuwa bili.

Kinachoamua ni hicho kitu chenyewe. Jiulize: mtu wa kawaida hufanya nini na kitu hiki? Barua hupokewa, viatu hununuliwa, utani hueleweka, bili hulipwa. Weka kitenzi hicho, uendelee na safari.

Pakiwa na mtu katikati, yaani "get me", "get him", "get us", basi kuna anayefanyiwa jambo, na Kiswahili kina kiungo chake tayari. "Get me some water" ni niletee maji. "Get me a SIM card" ni ninunulie laini. "Get us a good cook" ni tutafutie mpishi mzuri. Tazama mwisho wa vitenzi: letea, nunulia, tafutia. Kazi ya "me" na "us" imebebwa na kiambishi, na kitenzi chenyewe kimesema wazi ni kuleta, kununua au kutafuta. Kiingereza hakikusema. Ndiyo maana mgeni akikuambia "Can you get me a SIM card?" hujui kama amekuomba ununue kwa pesa yako kisha akurudishie, au uende tu na pesa yake. Usikisie. Uliza "Shall I buy it for you?" na subiri aweke mkono mfukoni. Nimeona vijana wakikaa na deni la laini ya simu hadi mgeni anapanda ndege.

Hatua ya 2: likifuatwa na mahali

Hii ni fupi. Ni kufika. "We got to Horombo at four", tulifika kambini Horombo saa kumi. "How do I get to the market?" nitafikaje sokoni? Tofauti yake na "go" ni kwamba "go" ni mwendo, "get" ni mwisho wa mwendo. Wengi huenda kilele cha Uhuru, si wote wanaofika: "Many go, not all get there."

Kosa linalojirudia darasani ni "I got to home". Home, here na there havitaki "to": "I got home", "when we get there". Mahali pengine pengi "to" ibaki.

Zamani lilikuwa hata amri ya kumtoa mtu alipo. Katika Biblia ya Kiingereza ya 1611 Yesu anamwambia Petro "Get thee behind me, Satan", na yetu inasema "Nenda nyuma yangu, Shetani." Mwingereza wa leo akitaka ukali huo husema "Get out!" au "Get away from me!"

Hatua ya 3: likifuatwa na hali

Hapa ndipo tukae, kwa kuwa hapa ndipo ubao wa darasa la tatu ulipotudanganya zaidi.

Get tired, get angry, get wet, get drunk, get old, get lost, get thin, get full. Mwanafunzi akilazimisha kupata, anatoa "kupata uchovu", "kupata hasira", "kupata uzee". Unaelewa anachosema, lakini bibi yako hasemi hivyo. Anasema kuchoka, kukasirika, kulowa, kulewa, kuzeeka, kupotea, kukonda, kushiba. Kiingereza kinatumia maneno mawili, sisi tunatumia kitenzi kimoja ambacho ndani yake mna ile safari ya kutoka hali moja kwenda nyingine. Kwa hiyo ukikuta "get" na neno la hali mbele yake, yameze yote mawili pamoja, kisha tafuta kitenzi chetu kimoja. Kikikosekana, kitenzi "kuwa" kitasaidia: "get rich", kuwa tajiri, au kutajirika. "It's getting dark", giza linaingia. "It's getting late", muda umekwenda. "I got used to it", nimezoea.

Ugumu wa kweli uko kwenye kurudi, yaani kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Sisi tunasema nimechoka, na hiyo -me- inabeba mambo mawili kwa pamoja: uchovu ulikuja, na bado uko. Mwingereza ana maneno mawili tofauti. Uchovu ulio nao sasa ni "I am tired". Uchovu unaokuja ni "I'm getting tired". Uchovu uliokuja wakati fulani jana ni "I got tired". Kwa hiyo:

amekasirika: "he is angry"
anaanza kukasirika: "he's getting angry"
alikasirika akaondoka: "he got angry and left"

Ukiwa na -me- ya hali, tumia "be". Ukiwa na jambo linalotokea au lililotokea, tumia "get". Wanafunzi wangu huandika "he was angry and left" pale walipotaka kusema alikasirika. Si kosa la sarufi, lakini linamfanya msikilizaji aone kwamba jamaa alikuwa na hasira zake tangu asubuhi.

Mlimani tofauti hii si ya mtihani. Chukua baridi peke yake. "I'm cold", nasikia baridi. "I'm getting cold", baridi imeanza kuniingia, na hapo ndipo unatoa koti kwenye begi la mgeni bila kusubiri jingine. "It's getting cold" ni hewa inapoa, huenda yeye mwenyewe yuko salama. Kisha ongeza kile kiherufi kimoja, "a", na kila kitu kinabadilika: "I've got a cold", nina mafua, "I'm getting a cold", mafua yananinyemelea. Mwanafunzi mmoja alimpa mgeni mwenye mafua koti la pili, na la tatu. Mgeni alishukuru, akaendelea kupiga chafya.

Na mgeni akikuambia "I'm getting worse", weka sarufi kando. Hali yake inazidi kuharibika, na huko juu hilo ni suala la kushuka.

Ndoa nayo iko hapa. "He got married" na "she got married" kwa Kiingereza ni sentensi moja. Kwetu mwanamume ameoa, mwanamke ameolewa, na wakiwa wawili wamefunga ndoa au wameoana. Ukitafsiri kwenda Kiswahili, tafuta kwanza ni nani anayezungumziwa. Ukitafsiri kwenda Kiingereza, kumbuka ni "get married to somebody". Hiyo "with" tunayoiweka imetokana na "na" yetu: amefunga ndoa na fulani.

Jambo la mwisho hapa: "Get lost!" likisemwa kwa ukali halimpi mtu taarifa kwamba atapotea njia. Ni potelea mbali. Mitaani tunasema "Potea!" tu, na nadhani hapa lugha hizi mbili zilikutana bila kupangana.

Hatua ya 4: likifuatwa na jambo alilotendwa mtu

"He got robbed." "She got promoted." "They got stung by bees." Hii ni -wa yetu: aliibiwa, alipandishwa cheo, waliumwa na nyuki. Haina siri zaidi ya hapo.

Swali ninaloulizwa ni kwa nini basi isiwe "was". Inaweza. "He was robbed" ni sahihi vilevile. "Get" huleta rangi ya tukio, mara nyingi la mkosi au la bahati, na ni la mazungumzo. Kwenye habari iliyovaa suti halikai. Hans Meyer na Ludwig Purtscheller walifika kilele cha Kilimanjaro mwaka 1889; utasoma "the summit was first reached in 1889", hutasoma "got reached". Jaribu sentensi yako kwa kuisema kama umbea. Ikikaa vizuri mdomoni kama umbea, "get" inafaa.

Hatua ya 5: kufanyiwa, na kumfanya mtu afanye

"I got my phone fixed." "I got my phone stolen." Muundo mmoja, bahati mbili tofauti. Ya kwanza ni nimetengenezewa simu, nilimpelekea fundi. Ya pili ni nimeibiwa simu. Kitu kinakaa katikati, na kitenzi kinakuja mwisho. Kiswahili kwa kweli kinashinda hapa, maana nimetengenezewa ni neno moja linalosema kuna fundi, kuna kazi, na aliyefaidika ni mimi. Kunyoa pia: "I got my hair cut" ni nimenyolewa. Ukisema "I cut my hair" Mwingereza ataona umeshika mkasi mwenyewe mbele ya kioo.

Kisha kuna mtu: "I got him to drink some water." Nilimshawishi akanywa maji. Ndani ya "get" hii kuna juhudi kidogo, kubembeleza, hila hata. "I made him drink" ni nilimlazimisha. Angalia "to": baada ya "get him" ipo, baada ya "make him" haipo. "I made him to drink" ni kosa ninalolisikia kila wiki, hata kwa watu wenye digrii, na wakati mwingine linatoka kinywani mwangu nikiwa nimechoka.

Hatua ya 6: "got" isiyo na kupata ndani yake

"I've got two children." Nina watoto wawili. Hakuna aliyepata kitu leo. Ni kuwa na, basi. "Have you got change?" una chenji? Waingereza wanaipenda sana hii katika mazungumzo.

"I've got to go." Lazima niende. Kwa haraka hutamkwa "gotta", nawe utaisikia hivyo kuliko vinginevyo. Lakini "I got to go to Ngorongoro", ikiwa ni habari ya safari iliyopita, ni nilipata nafasi ya kwenda Ngorongoro. Masikioni hizi mbili hukaribiana sana. Kinachoziachanisha ni uso wa msemaji na wakati anaouzungumzia: mmoja ana haraka ya kuondoka, mwingine anatabasamu akikumbuka faru.

Wamarekani wanayo "gotten", na wengi wetu tuliambiwa shuleni ni kosa. Si kosa. Kwao "I've gotten a visa" ni nimepata viza, na "I've got a visa" ni ninayo viza. Mwingereza wa Uingereza anatumia "I've got" kwa zote mbili, na anakuachia wewe ukisie. Chagua upande mmoja ukae nao. Ukifanya kazi na wageni wa pande zote, ongea unavyoongea, ila elewa vyote.

Hatua ya 7: vijineno vya nyuma

Hapa watu hununua orodha za kukariri. Sizipendi orodha hizo. Afadhali ushike vichache unavyovitumia kila siku, na vingine uvikute njiani.

Vyombo vya usafiri kwanza, kwa sababu vina kanuni. Chombo unachoweza kusimama na kutembea ndani yake ni "get on" na "get off": basi, treni, ndege, meli ya Zanzibar. Chombo unachoinama na kukaa ni "get in" na "get out of": gari dogo, teksi, bajaji, mtumbwi. Chombo unachokikalia kwa kupanulia miguu kinarudi kwenye "on": baiskeli, bodaboda, punda. Daladala au matatu, hata ukiingia umejikunja, ni "get on", kwa kuwa ni usafiri wa umma kama basi. Na "Where do I get off?" ni nishukie wapi. Watu wengi wanajua shuka lakini wakiulizwa swali hili wanajibu "down", na mgeni anatazama sakafu ya gari.

"Get up" ni kuamka, au kuinuka pale ulipokaa. "Get on with" na "get along with" ni kuelewana na mtu, ndiyo kupatana yetu. "How are you getting on?" ni unaendeleaje. "Get over" ni kuvuka ukuta, kupona ugonjwa, au moyo kutulia baada ya msiba. Lakini "I can't get over it" mara nyingi ni la furaha au mshangao, siamini mpaka leo. "Get by" ni kusukuma maisha, kipato kidogo lakini siku inakwenda. "Get away with" haina neno moja kwetu: ni kufanya kosa na lisikupate. "What are you getting at?" ni unataka kusema nini hasa, na kwa kawaida muulizaji ameshaanza kukunja uso.

"Get through" ni ya simu. "I couldn't get through" ni nilipiga sikukupata, na sauti ya mtandao inaposema mteja hapatikani, inasema jambo hilohilo kwa pata yetu.

Na hii iwekee alama: "I'll get back to you." Ni nitakujibu baadaye. Ukiambiwa ofisini baada ya usaili wa kazi, usikae na simu mkononi siku nzima. Wakati mwingine ni ahadi ya kweli. Wakati mwingine ni ndugu yake tutawasiliana.

Hatua ya 8: likisimama peke yake

"Got it!" ni nimeelewa, au nimekishika, kama ulikuwa unarushiwa kamba. "I don't get it", sielewi. "Sorry, I didn't get your name" ni jina lako sikulisikia vizuri. Usijibu kwamba ulishampa. Litaje tena, polepole. "I get that a lot" ni watu huniambia hivyo mara nyingi, tuseme mtu mrefu anapoulizwa kama anacheza kikapu. "You've got me there" ni hapo umenishika, jibu sina. "I've got you", ukiwa unateleza kwenye mawe na mtu amekukamata mkono, ni nimekushika, usiogope. Hiyo ya mwisho wafundishe wagumu wote, inasaidia kuliko kurasa kumi za sarufi.

Pa kuliacha

Barua ya kuomba kazi, ripoti, maombi ya viza: liondoe. "I got your letter" iwe "I received your letter". "I got a diploma in 2019" iwe "I obtained". "The situation got worse" iwe "became worse" au "worsened". "We got to the site" iwe "we arrived at the site". Pitia ukurasa, lizungushie kila "get" duara, na kila duara uliulize swali letu lilelile la kinachofuata. Jibu litakupa kitenzi cha kuweka.

Lakini usiliondoe mdomoni. Nina mwanafunzi aliyesoma sana vitabu, na siku ya kwanza kazini alimwambia mgeni "I shall obtain water for you." Mgeni alinyamaza kama mtu aliyesomewa mashtaka.

Zoezi la wiki moja

Chukua daftari, chora safu tatu. Ya kwanza andika sentensi uliyoisikia au kuisoma yenye "get". Ya pili, kilichofuata: kitu, mahali, hali, tendo, mtu, kijineno. Ya tatu, Kiswahili chake, kwa sharti kwamba pata iwe chaguo la mwisho. Sentensi tano kwa siku zinatosha.

Ukimaliza wiki, jaribu aya hii niliyoitunga kwa ajili ya darasa. Funika tafsiri kwanza.

"We got up at eleven, got dressed and got some tea down. We got going just before midnight. Two hours later it got so cold that I got scared. I got a headache too, but our guide got me to drink and I got over it. We got to Stella Point as the sun was coming up. I didn't get a single photo: my phone had got too cold and died. Still, I got to see it."

Yangu ni hii:

Tuliamka saa tano usiku, tukavaa, tukajilazimisha kunywa chai. Tukaondoka muda mfupi kabla ya saa sita. Mwendo wa saa mbili baadaye baridi ikazidi mpaka nikaogopa. Kichwa nacho kikaanza kuniuma, ila mwongozaji wetu akanibembeleza nikanywa maji, maumivu yakaisha. Tukafika Stella Point jua likichomoza. Sikupiga picha hata moja: simu ilipoa mno ikazimika. Hata hivyo nilipata kuliona.

Kumi na tatu zimeingia, na pata imebaki moja, ile ya mwisho, ya wazee, ya sijapata kuona. Pale kwenye chai bado tunabishana darasani. Mimi nimeandika tukajilazimisha, maana "get down" ya chakula ni kukimeza huku mwili hautaki. Kijana mmoja aliyepanda mara nyingi kuniliko anasema hapana, saa tano usiku pale kambi ya Barafu hakuna anayejilazimisha, chai ndiyo kitu pekee ambacho mwili unakitaka, na yeye angeandika tukapiga chai. Aya ni yangu, lakini sijamshinda.